Lenzi ipi ya 50 ya mwanga mkubwa kwa Canon P ya babu?

Swali limetoka kwa binti mmoja wa Kibokoni, hapa Mombasa, nimelifupisha kidogo: "Ami, salaam aleikum. Babu yangu ameniachia kamera Canon P na lenzi yake Canon 50mm f/1.8, lakini ndani ya lenzi kuna kitu kama moshi na pembeni kuna nyuzinyuzi. Mimi napiga picha za siku ya hina na kupamba, upande wa wanawake, na flashi siipendi manake inaua kila kitu. Nataka lenzi ya zamani ya 50 inayofungua sana. Nimeona Jupiter-3, Summarit, Summilux, Nikkor 1.4, Canon 1.4, Canon 1.2 na hata ile ya 0.95. Pesa ninazo za lenzi moja tu. Nichukue ipi?"

Waalaikum salaam mwanangu, Mwenyezi Mungu amrehemu babu yako. Wacha nianze na jibu lenyewe usije ukachoka kabla hujalifikia: kama ni lenzi moja tu, na ni ya kazi hiyo uliyonieleza, tafuta Canon 50mm f/1.4 iliyo safi ndani. Safi ndani, na hilo nitalirudia sana humu. Na kabla hujatoa hata shilingi, ile 1.8 ya babu ifunguliwe na fundi kwanza, manake huenda unahangaika kutafuta nje kitu ambacho sehemu kubwa yake unacho kabatini.

Sasa tupunguze orodha yako, kuna zingine hapo hata haziingii kwenye kamera yako. Canon P ni kamera ya skruu, lenzi inazungushwa kwenye uzi wa milimita 39, uzi uleule wa Leica za zamani. Summilux 50 f/1.4 ya Leitz, ndo watengenezaji wa Leica, ilitoka 1959, ni lenzi nzuri mno sikatai, lakini karibu zote ni za bayoneti ya Leica M, yaani zinashika kwa meno, si kwa uzi. Za skruu zilitengenezwa chache sana na zilizobaki wanazifukuzia wakusanyaji, bei yake utanunua pikipiki. Watu watakwambia kuna adapta. Adapta ipo, lakini ni ya kutoa lenzi ya skruu kuipeleka kwenye kamera ya M, kinyume chake haiwezekani kwa sababu lenzi ya M inataka kukaa karibu na filamu kwa milimita moja zaidi kuliko kamera ya skruu inavyoruhusu, kwa hivo hata ukiilazimisha haitofokasi mbali. Ile Canon 0.95 ya 1961 nayo inashika kwenye bayoneti ya nje ya Canon 7, na P yako bayoneti hiyo haina. Zifute hizo mbili.

Nikkor na Jupiter ziko za namna mbili. Nikkor 5cm f/1.4 kuna ya skruu na kuna ya kamera za Nikon S, Jupiter-3 kuna ya skruu na kuna ya kamera za Kiev, na kwenye picha za matangazo kwa mbele zinafanana kama mapacha. Omba picha ya mgongo wa lenzi. Kama huoni uzi wa skruu na ile pete ya chuma inayotoka na kuingia ukizungusha fokasi, ile inayosukuma kidole cha renjifainda, kile kipima umbali unacholengea fokasi, ndani ya kamera, usitume pesa. Hili limewaliza watu wengi.

Haya turudi kwa 1.8 ya babu. Hiyo lenzi ilianza 1951, ikiitwa Serenar wakati huo, aliichora Hiroshi Ito wa Canon, vioo 6 kwenye makundi 4, na kwa wakati wake ilikuwa kazi kubwa sana manake alipunguza ule ukungu mweupe ambao lenzi nyingi za aina yake zilikuwa nao zikifunguliwa wote. Namba ya f ikiwa ndogo lenzi inafungua zaidi, na stopu moja ni mwanga mara mbili. Tofauti ya mwanga kati ya 1.8 na 1.4 haifiki hata stopu moja, ni kama theluthi mbili. Chukulia sebule ya kawaida usiku, balbu juu, bibi harusi ameketi kwenye mkeka anatiwa hina: kwa filamu ya 400, f/1.4 itakupa spidi ya 1/60 ya sekunde hivi, f/1.8 itakuangusha kati ya 1/60 na 1/30, f/2 inakupa 1/30. Hiyo ndo tofauti yote inayolipiwa. Sisemi ni ndogo, kwa mkono unaotikisika na mwanamke anayecheka 1/60 na 1/30 ni picha na si picha, lakini ujue unalipa nini. Filamu hiyohiyo ya 400 ukiipiga kama ya 800 na kuiosha muda mrefu zaidi umepata stopu nzima bila lenzi mpya, kontrasti itapanda na vivuli vitazama, lakini kwa hina na dhahabu na leso mimi naiona inapendeza.

Ule moshi na zile nyuzi ni maradhi mawili tofauti, usiyachanganye. Moshi ni ukungu wa mafuta. Grisi ya ndani ya lenzi inatoa mvuke miaka nenda miaka rudi, mvuke unatua kwenye kioo, na Canon 1.8 hizi zinajulikana dunia nzima kwa jambo hili, hasa kwenye kioo kilicho nyuma tu ya zile panga za tundu linalopitisha mwanga. Ukisafishwa mapema unatoka na kioo kinarudi kama kipya. Ukiachwa sana unakula kioo chenyewe, unafuta na unafuta na weupe haubanduki, hapo lenzi imekwisha, haina dawa. Nyuzinyuzi ni fangasi, zinatambaa kama utando wa buibui kuanzia ukingoni kuingia katikati, na fangasi hutoa asidi inayochoma kotingi, ule utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo kuzuia mwanga usirudi, halafu kioo. Hapa kwetu Mombasa fangasi ndo adui namba moja, hewa yetu ina unyevu wa zaidi ya asilimia 70 siku nyingi za mwaka, fangasi ikishapata unyevu huo na giza na mfuko wa ngozi imepata kwao. Na lazima babu aliiweka kwenye ule mkoba wake wa ngozi, wazee wote walifanya hivo wakidhani wanaitunza, na ngozi inanyonya unyevu kama sifongo. Kwa hivo ipeleke ifunguliwe, lenzi hii si ngumu kwa fundi anayejua, na ukishajua kioo cha nyuma kimepona au kimeliwa ndo utaamua kama unanunua nyingine au unanunua filamu.

Tuseme imeliwa. Sasa tuzipime zilizobaki.

Ili uelewe kwa nini lenzi hizi zinatofautiana lazima nikurudishe nyuma kidogo. Mwaka 1932 kampuni ya Zeiss ilitoa kamera ya Contax na lenzi inaitwa Sonnar, kwanza ya f/2 halafu ya f/1.5, mchoraji wake Ludwig Bertele. Wakati huo kotingi hazikuwepo. Kila pahali kioo kinapokutana na hewa, asilimia 4 hivi ya mwanga inarudi nyuma, na ule unaorudi haupotei bure, unazungukazunguka ndani ya lenzi na kumwagika kwenye filamu kama ukungu. Bertele akafanya ujanja, akagandisha vioo pamoja, ile 1.5 ina vioo 7 lakini vimegandishwa makundi 3 tu, maana yake kuna nyuso 6 tu zinazokutana na hewa. Piga hesabu mwenyewe, kwa nyuso 6 mwanga unaopita ni kama asilimia 78, kwa nyuso 10 ni kama 66, na ile tofauti ndo vivuli vyako vinavyogeuka kijivu. Ndo maana Sonnar ilipata jina la kuwa na kontrasti. Halafu 1935 Alexander Smakula hukohuko Zeiss akavumbua kotingi, na baada ya vita kila mtu akaitumia, zile lenzi za nyuso nyingi zikapata kupumua.

Kwa hivo kwenye orodha yako kuna familia mbili. Ya Sonnar: Jupiter-3, Nikkor 1.4, na moja hukuitaja, Canon 50mm f/1.5 ya 1952. Ya pili ni ya zile lenzi ambazo vioo vyake vimepangwa nusu kwa nusu kila upande wa tundu: Summarit, Canon 1.4, Canon 1.2, na hata 1.8 ya babu. Familia ya Sonnar inapiga katikati kwa ukali mzuri, ukingoni inalainika, na nyuma ya mtu inayeyuka polepole bila fujo, uso unasimama peke yake. Wanawake wanaipenda kwenye nyuso zao, nami naipenda sana pia, nisikufiche. Lakini ina tabia moja lazima uijue: fokasi inahama. Ukiiweka sawa ikiwa wazi f/1.5 halafu ukaibana kufika 2.8 au 4, fokasi inasogea nyuma yenyewe na wewe kwenye renjifainda huoni chochote, manake renjifainda haitazami kupitia lenzi. Unalenga jicho unapata sikio. Kwa karibu, mita moja, inaonekana wazi kabisa, kwa mbali inafunikwa.

Jupiter-3 ni mtoto halali wa Sonnar hiyo. Baada ya vita Warusi walichukua michoro na vifaa vya Zeiss, wakaanza kuitengeneza Krasnogorsk mwisho wa miaka ya 1940, baadaye Zagorsk, na ikaendelea mpaka miaka ya 1980. Mara nyingi tarakimu mbili za mwanzo kwenye namba yake ndo mwaka. Ni nyepesi, bei yake ni rahisi kuliko zote hizi za chini ya f/1.8, na ikiwa nzuri ni nzuri kweli. Shida zake mbili. Ya kwanza, ubora haulingani, moja imefungwa vizuri ya pili imefungwa Ijumaa jioni watu wanakimbilia nyumbani, na nyingi zimeshafunguliwa na mafundi wasiojua wakarudisha vioo vibaya. Ya pili ni kubwa zaidi kwako: Contax na Leica hazikukubaliana 50mm ni ngapi hasa. Kwa Leica ni kama milimita 51.6, na Canon yako inafuata Leica, kwa Contax ni karibu 52.3, na Jupiter imerithi tabu hiyo. Matokeo yake kwenye kamera kama yako, ikiwa sawa mbali inakosea karibu, ukiirekebisha karibu kwa kubadilisha ile pete nyembamba ya ndani inakosea kidogo mbali. Kwa mtu anayepiga mandhari ya Ngome kwa f/8 hajui hata kama tatizo lipo. Wewe unapiga mikono yenye hina kwa mita moja ikiwa wazi kabisa, na hapo kina cha fokasi ni kama sentimita 3 tu, umbali kutoka kucha hadi kifundo cha kidole, huna nafasi ya kukosea. Jupiter iliyorekebishwa na fundi kwa ajili ya umbali wako na kamera yako, sawa, nitaitumia kwa furaha. Jupiter ya kutoka kwenye boksi kwenda moja kwa moja kwa kupamba, hapana.

Nikkor 1.4 ya skruu ni kitu kingine. Ilitoka 1950, na mwaka huohuo David Douglas Duncan wa jarida la Life alizijaribu lenzi za Nikkor Tokyo akaenda nazo vita vya Korea, kuanzia hapo magazeti ya Marekani yakaanza kuziheshimu lenzi za Kijapani. Ni Sonnar pia, vioo 7 makundi 3, lakini Wajapani waliipanga iwe kali ikiwa wazi na kwa karibu, kwa hivo kati ya Sonnar zote hii ndo inayopiga meno zaidi kwenye f/1.4. Gharama yake ni kwamba nyuma ya mtu haiyeyuki kwa ulaini uleule, taa ndogondogo za mapambo zinaweza kupata ukingo mkali kama pete. Na ina zawadi moja, inakwenda karibu mpaka sentimita 45 hivi, ila kuanzia kama mita moja kushuka chini renjifainda haiifuati tena, itabidi upime kwa kamba. Kwa hina ya mkono kamba si mbaya hata kidogo, mkono umetulia unakauka, nani anakimbia? Kama nikkor safi itakutokea kabla ya Canon 1.4 safi, na bei haikuumizi, ichukue usinisubiri mimi.

Summarit ndo ninayoisikitikia. Leitz waliitoa 1949 mpaka 1960, asili yake ni Xenon ya 1936 ya kabla ya vita, na iko ya skruu kwa hivo ingeingia kwako. Vioo 7 makundi 5, hesabu mwenyewe nyuso zake, ni 10. Ikiwa safi ina mwanga kama wa ndoto, taa zinavuja taratibu, rangi zinapoa, na kuna watu hawaiachi mpaka kufa. Lakini kupata iliyo safi ni kazi, kotingi yake ya mbele ni laini, inakwaruzika kwa kufutwa tu na kitambaa, na ndani ukungu unaipenda mno. Mimi mwenyewe niliwahi kuinunua moja kwa muuzaji wa ng'ambo, picha zote za tangazo zilipigwa kwa mwanga wa mbele, lenzi inang'aa kama almasi, ilipofika nikawasha tochi nyuma yake nikaona dirisha la bafu. Nikaisafisha, nikaisafisha tena, kioo kilikuwa kimeshaliwa. Picha zake za usiku ukiweka taa yoyote ndani ya fremu ni maziwa matupu. Pesa za miezi mingi ya kazi zile, na muuzaji hakujibu tena. Tangu siku hiyo silipii lenzi ya zamani bila picha ya tochi. Nawe usilipe. Mwambie muuzaji azime taa za chumba, afungue tundu lote, awashe tochi ya simu kwa nyuma pembenipembeni, apige picha kutokea mbele, halafu ageuze afanye vilevile. Vumbi kidogo si kitu. Weupe uliotandaa, nyuzi, au upinde wa mvua ukingoni unaoonyesha vioo vilivyogandishwa vimeanza kuachana, acha. Muuzaji akisema hana tochi, kila simu ina tochi.

Canon 1.2 ya 1956 ni nzito, inaziba pembe moja ya kioo chako cha kutazamia, ukungu unaipata kama 1.8, na ikiwa wazi haina kontrasti ya kutosha kwa taa za ukumbini. Ile nusu stopu unayoipata juu ya 1.4 sioni inakufaa wapi.

Ndo tunafika kwa Canon 1.4. Ilitoka 1957, vioo 6 makundi 4, mchoro wa familia ya pili lakini umefanywa kwa utulivu sana. Katikati ni kali hata ikiwa wazi, kontrasti kiasi, haina lile pazia la Summarit, ukiibana hadi 2 inakaza, kwenye 2.8 inapiga pembe zote. Fokasi yake haihami kwa kiasi cha kukutesa, hilo ndo kubwa kwako, manake usiku wa hina utakuwa unabadilisha tundu kila dakika, mara chumbani balbu moja, mara ukumbini taa za jukwaa, na hutaki kuanza kukumbuka leo fokasi imehamia wapi. Imetengenezwa na Canon kwa ajili ya kamera kama yako hasa, kwa hivo ile habari ya 51.6 na 52.3 haikuhusu. Inachukua filta za milimita 48. Kasoro yake, nyuma ya mtu inaweza kuwa na fujo kidogo kama kuna majani au pazia la maua, na zile taa ndogo za ukingoni mwa fremu kwenye f/1.4 zinaota mabawa kama ndege. Kwa uzuri wa uso peke yake Canon 1.5 inaipita, ningekuwa napiga picha tano kwa mwezi kwa raha yangu ningechukua hiyo 1.5, lakini wewe una kazi ya watu na kupamba hakurudiwi.

Kitu kingine watu hawakisemi ni kamera yenyewe. Renjifainda inapima kwa umbali kati ya madirisha yake mawili, ukizidisha na ukubwa unaouona. Canon P ina milimita 41 na inaonyesha kitu kwa ukubwa wake halisi, kwa hivo ni 41. Leica M3 inafika kama 62. Canon P inaimudu 50mm f/1.4 kwa mita moja ikiwa imerekebishwa vizuri na jicho lako ni zuri, lakini haina akiba kubwa, na ndo sababu ya pili sikusukumi kwenye 1.2. Kwa hivo lenzi ikifika, peleka na kamera, vipimwe pamoja. Lenzi nzuri kwenye renjifainda iliyopotoka ni lenzi mbaya. Faida moja ya P yako, pazia la shata ni la chuma. Kwenye Leica na Zorki, ile kamera ya Kirusi, ni la kitambaa, na kamera za renjifainda hazina kioo cha kukinga katikati, ukiiacha kwenye meza ya baraza inatazama jua letu hili la saa saba, lenzi ya 1.4 inachoma tundu kama moto wa sigara. La chuma halichomeki namna hiyo, ila linakunjika ukiligusa kwa kidole, usiliguse. Kifuniko cha lenzi weka vilevile.

Na mchana usitegemee ajabu. Mimi nilianza kazi kwenye vile vibanda vya picha pale Likoni feri, vyenye mapazia yaliyochorwa meli na majumba, jua la pale nalijua. Kwa filamu ya 400 na 1/1000, ambayo ndo mwisho wa kamera yako, uko f/11 unataka usitake, na kwenye f/11 lenzi zote nilizozitaja ni ndugu wa tumbo moja, hata mimi nikichanganyiwa negativu siwezi kuapa ipi ni ipi. Mwanga mkubwa ni wa magharibi na usiku, na wa vichochoro vya Mji wa Kale kuanzia alasiri.

Ukishaipata, mkoba wa ngozi utoe kabisa, weka ukumbusho wa babu ukutani kama unaupenda. Lenzi ikae kwenye chombo cha plastiki cha chakula chenye mfuniko unaobana kweli, ndani weka silika jeli ile inayobadilika rangi, ikibadilika unaikausha kwenye oveni kwa moto mdogo unairudisha. Mchele ni imani tu, haufanyi kazi ya maana na unaleta vumbi. Kile kipimo kidogo cha unyevu ni bei ndogo, kiweke humo, uwe kati ya 40 na 50, usikaushe zaidi maana grisi nayo inakauka. Na itumie, lenzi inayotoka nje kila wiki fangasi haipati nafasi. Ukipiga karibu na bahari, Lighthouse au kwenye feri, chumvi inatua kwenye kioo huioni. Puliza kwanza, halafu kitambaa cha lenzi chenye unyevu kidogo, na usifute kwa ncha ya leso, najua mkono utakwenda wenyewe.

Nikuulize jambo ambalo hukuliuliza, nivumilie. Hizo filamu utampa nani aoshe? Mimi mwanamume sijawahi kuingia kwenye kupamba na sitaingia, na wale wanawake wanakuruhusu wewe kwa sababu ni mwenzao, wamevua buibui mbele ya kamera yako kwa imani hiyo. Ukizipeleka dukani kwa kijana aoshe na askani, zimeshaonekana. Jifunze kuosha nyeusi-nyeupe mwenyewe nyumbani, tangi moja, dawa tatu, kipimajoto, na maji yetu yana joto kwa hivo utahitaji barafu kuyashusha kwenye digrii 20. Wiki mbili utakuwa umejua. Mimi nitakufundisha kwa filamu tupu na filamu za majaribio, za kazi utaosha mwenyewe mlango umefungwa.

Rolo la kwanza basi lisiwe la harusi. Tandika futi kamba mezani, kamera iwe mita moja, izunguke nyuzi 45, lenga namba 50, piga kwenye f/1.4, 2, 2.8 na 4, halafu rudia kwa mita tatu, ambako kwenye 1.4 utakuwa na kama sentimita 30 za fokasi. Andika kwenye karatasi fremu ipi ni tundu lipi. Tumia kamera juu ya stendi au juu ya vitabu, si mkononi. Ukishaosha niletee negativu zenyewe, si skani, na uje na ile 1.8 ya babu, tuifungue siku hiyohiyo.